Upanga wa Sponji na Ubishi wa "Hujanigusa"

Mpunga ukishavunwa, majaruba ya Rujewa hubaki makavu na watoto huyageuza viwanja. Kwenye jaruba moja niliwakuta vijana wanne wakipigana kwa panga walizojitengenezea: bomba la maji la nusu inchi, sponji ya godoro kuukuu, na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kukazia. Sheria yao ilikuwa moja: ukiguswa, umekufa. Haikumaliza raundi.

"Nimekugusa!"

"Hujanigusa bwana, acha zako!"

Wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Tuanze na pigo lenyewe.

Upanga unaokwenda kasi umebeba nishati, na hausimami mpaka nishati hiyo iishe. Inaisha kwa upanga na mwili kusukumana katika umbali fulani. Kani ukiizidisha kwa umbali, unapata nishati. Kwa hiyo umbali ukiwa mfupi, kani lazima iwe kubwa. Saidia fundi anayedaka matofali analijua hili bila hesabu: tofali likimfikia, mikono yake hurudi nyuma pamoja nalo.

Sasa hesabu. Chukulia sehemu ya upanga inayogonga ina gramu 200 na inakwenda mita 5 kwa sekunde. Nusu ya 0.2, mara 5, mara 5 tena: juli 2.5. Kwa bomba tupu, ngozi na nyama zikibonyea milimita 2, kani ya wastani ni nyutoni 1,250, sawa na uzito wa kilo 125 hivi. Sponji ikibonyea sentimita 2, umbali umekuwa mara kumi, na kani imeshuka mpaka nyutoni 125. Huo ni uzito wa ndoo ya lita 20 iliyopita nusu kidogo. Tena sponji hujitandaza mwilini, kwa hiyo hata hicho kidogo kinagawanywa.

Na hapo ndipo ubishi unapozaliwa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa shahidi, na sponji imemfukuza.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, hawana tabu hii. Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa mashina ya migomba. Shina la mgomba lina vijumba vya hewa ndani. Likipiga hupondeka, na nishati nyingi huishia humo humo. Ni sponji iliyoota shambani. Lakini pale hakuna anayehesabu pointi, watu wanatoa vinyongo vya mwaka uliopita. Hawa wa Rujewa wanahesabu.

Niliwashauri wapime kabla ya kubishana. Mmoja afumbe macho. Mwenzake amguse polepole, mara nyingine apunge hewani tu bila kumgusa. Wa tatu aandike. (Hiyo ya kupunga hewani ndiyo watu husahau, na bila hiyo hujui kama mtu anahisi au anabahatisha.) Kwanza kwa fulana, kisha kwa sweta, upanga ule ule na mpigaji yule yule. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta tofauti. Mwenye sweta alikosa miguso kadhaa, na mara moja akaapa ameguswa ilhali ulipita upepo tu.

Basi wakatafuta shahidi mwingine: majivu ya pumba za mpunga, ambayo kwa hapa hayanunuliwi. Sponji ikapakwa, nguo ikabaki na alama. Majivu yakaingia jichoni mwa mmoja, na sheria ya pili ikaandikwa palepale: kichwani marufuku. Mimi ningeanza na hiyo.

Sheria ya tatu ililetwa na mfereji. Upanga mmoja ulitumbukia, ukatolewa, na pigo lake la kwanza likamfanya mtu akae chini akisugua paja. Kavu, sponji hubonyea kwa sababu hewa hutoka upesi kwenye vitundu vyake. Maji ni mazito, lita moja ni kilo moja, na hayaponyoki haraka kwenye vitundu vile. Tungamo limeongezeka, umbali wa kubonyea umepungua.

Basi upanga uliolowa marufuku mpaka ukauke, na ule ukasimikwa kwenye tuta. Mwenye nao, kwa kuwa hana silaha, akapewa kazi ya kukagua majivu kwenye nguo za wenzake.