Mkimbiaji wa Katesh

Nchi ya Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara, imeinuka sana juu ya bahari. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh uko chini yake. Mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi kuliko pwani. Mtu aliyekulia huko mwili wake huizoea, na damu yake hupata uwezo wa kuchukua hewa nyingi. Hiyo ni sababu moja ya nchi hii kutoa wakimbiaji hodari wa mbio ndefu. Mmoja wao ni Gidamis Shahanga, aliyezaliwa Katesh mwaka 1957.

Mwaka 1978 Shahanga alikwenda Edmonton, nchi ya Kanada, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Mbio za marathoni ni kilomita 42 na kitu, na wengi walimtazamia Jerome Drayton, mwenyeji wa Kanada. Lakini Shahanga alimshinda Drayton na wengine wote, akapewa nishani ya dhahabu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1982, michezo hiyo ilifanyika Brisbane, nchi ya Australia. Kwanza Shahanga alikimbia mita 10,000, yaani kuzunguka kiwanja mara 25. Akashinda, na Mtanzania mwenzake, Zacharia Barie, akawa wa pili, nyuma yake kwa muda usiotimia nusu sekunde.

Siku chache zilipopita, akaingia na katika marathoni. Yeye na Juma Ikangaa, Mtanzania vilevile, wakatoka mbele kwa kasi kubwa, wakawaacha wenzao mbali. Nyuma yao alikuwako Robert de Castella, mwenyeji wa Australia. Huyu hakuwafukuza kwa pupa. Alitunza nguvu zake, akaipunguza nafasi kidogo kidogo. Mbio zilipokaribia kwisha alimfikia Shahanga, akampita. Kisha akapambana na Ikangaa, mara huyu mbele, mara yule, hata akamshinda kwa sekunde 12 tu. Shahanga alimaliza wa sita.

Je, tuseme Shahanga alikuwa dhaifu? La. Miguu ile ilikuwa imekwisha kushinda mbio nyingine juma lilo hilo, na safari hii ilianza kwa kasi mno. Nguvu za mtu ni kama maji katika kibuyu: anayeyanywa yote asubuhi, jioni atakuwa na kiu.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1984 Shahanga alishinda marathoni ya Rotterdam, nchi ya Uholanzi. Mwaka 1990, alipokuwa na umri wa miaka 32, alishinda marathoni ya Vienna, nchi ya Austria. Tangu Edmonton hata Vienna ni miaka 12. Basi mlima ulimpa pumzi nzuri, lakini mlima haukumpa saburi. Hiyo aliitafuta mwenyewe.

Maswali
1. Kwa nini wakimbiaji wengi hodari hutoka katika nchi zilizoinuka?
2. De Castella alifanya nini hata akawafikia waliomtangulia?
3. Eleza maana ya methali: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.