Somo la Usalama Mtandaoni: Data Yako Ikivuja, Ufanye Nini?



Mwezi Aprili 2023, kampuni ya maduka makubwa ya Naivas iliutangazia umma kwamba wahalifu wa mtandaoni walikuwa wamefikia baadhi ya data yake. Jambo kama hilo linaweza kuipata kampuni au ofisi yoyote inayoweka majina, nambari za simu na barua pepe za wateja: benki, sacco, hospitali au duka unaloagizia bidhaa. Somo hili linaeleza la kufanya likikupata.

Hatari iko wapi?

Anwani ya barua pepe peke yake haiwezi kumtolea mwizi pesa kwenye M-Pesa yako. Hatari ni simu au ujumbe unaofuata. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mbuzi aliye soko la Oldonyiro. Anapigiwa simu, anatajiwa majina yake matatu na barua pepe yake, kisha anaambiwa kwamba duka linataka kumfidia kwa sababu data yake iliibwa. Anachotakiwa ni kusoma tu nambari ya siri iliyoingia kwenye simu yake. Anaamini, kwa kuwa anayepiga anamjua.

Lakini huenda anayejua maelezo yako ndiye aliyeyaiba au kuyanunua. Shika hili: kukutaja kwa jina si uthibitisho wa aliyepiga.

Hatua za kuchukua

1. Kata simu, kisha upige wewe. Tumia nambari iliyo kwenye risiti, kadi au tovuti rasmi, si ile uliyotumiwa. Safaricom huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 pekee. Usimtajie mtu yeyote PIN yako wala nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu yako.

2. Badilisha nenosiri. Anza na la barua pepe yenyewe, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine. Usitumie nenosiri moja kila mahali. Wezi hujaribu lililovuja kwenye tovuti nyingine pia.

3. Kumbuka saiba. Wengi wetu tulifunguliwa barua pepe na mhudumu wa saiba tulipokuwa tukitafuta PIN ya KRA au mkopo wa HELB. Kama yeye ndiye aliyechagua nenosiri, libadilishe leo. Ukimaliza kazi saiba, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka.

4. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp. Hapo hata mwenye nenosiri lako hataingia bila hatua ya pili.

5. Linda laini yako. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishwe kiholela, na *106# kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

6. Usibonyeze kiungo cha "fidia" au "zawadi". Fungua tovuti mwenyewe kwa kuandika anwani yake.

Haki yako kisheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni iliyovujisha data, ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wateja, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua. Wateja walioathiriwa nao hujulishwa kwa maandishi. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia odpc.go.ke. Sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Ukipata ujumbe wa kitapeli kwenye laini ya Safaricom, utume kwa 333. Ukiibiwa, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Usifute ujumbe, ni ushahidi.

Jipime

Je, nenosiri la barua pepe yako linajulikana na mtu mwingine? Je, unalitumia kwingine? Je, mzazi wako mwenye simu ya mulika mwizi anajua kwamba PIN haitajwi kwa mtu? Kama jibu la swali lolote linakutia wasiwasi, anza hapo, leo. Kisha mfunze jirani.