KILIMO: WAKATI WA KUPANDA NA KUVUNA MBOGA ZA MAJANI

Visiwa vya Unguja na Pemba havina baridi kali, hivyo mboga za majani huweza kuoteshwa mwaka mzima. Hata hivyo, mkulima anayepanda matuta yake yote siku moja huvuna yote kwa pamoja. Mboga nyingine humharibikia kwa kukosa mnunuzi, kisha nyumba yake hukaa wiki kadhaa bila mboga. Dawa ya tatizo hili ni kufuata majira na kupanda kwa zamu.

Majira ya kupanda

(a) Masika (Machi hadi Mei): Mvua kubwa huchukua mbegu ndogo za mchicha, na maji yakituama mizizi huoza. Wakati huu unafaa kupanda marando ya matembele na muhogo kwa ajili ya kisamvu. Matuta yainuliwe ili maji yapite.

(b) Kipupwe (Juni hadi Agosti): Joto hupungua. Haya ndiyo majira bora ya spinachi na sukuma wiki. Mbegu zisiwe katika kitalu baada ya mwanzo wa Mei, chini ya kivuli cha makuti, ili miche ihamishwe baada ya wiki 4 hivi, mvua zinapopungua.

(c) Vuli (Oktoba hadi Desemba): Mvua ni za wastani, mchicha hustawi vizuri.

(d) Kaskazi (Desemba hadi Februari): Jua ni kali na udongo hukauka upesi, hasa katika ardhi ya maweni. Mchicha huvumilia joto iwapo utamwagiliwa asubuhi na jioni. Ukikosa maji hutoa maua mapema na majani hukakamaa.

Kupanda kwa zamu

Mchicha wa kung'oa huwa tayari kwa muda wa siku 30 hivi. Mwenye matuta 3 aoteshe moja kila baada ya siku 10. Siku ya 30 atavuna tuta la kwanza, atie samadi iliyooza na kuotesha tena. Kwa njia hii hakosi mboga. Mbegu zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane.

Kuvuna

Spinachi na sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwanza, yakiachwa machanga ya katikati ili mmea uendelee kukua. Matembele huchumwa ncha changa. Mchicha uvunwe kabla ya kutoa maua. Wakati mzuri ni alfajiri au jioni, na mboga ziwekwe kivulini.

Aidha, aliyepiga dawa ya wadudu asivune wala kuuza mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti. Kuosha majani pekee hakuondoi dawa yote, na atakayedhurika ni mlaji.

Wananchi wanashauriwa kumwona bwana shamba au bibi shamba wa eneo lao kwa maelezo zaidi.