Kwenda Kwenu kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo kwa Wazao wa Zanzibar Waliozaliwa Nje

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zilitoka Zanzibar kwenda Oman, Dubai, Uingereza na kwingineko. Leo wajukuu waliozaliwa Muscat au London wanasema Kiswahili na kupika pilau, ila Unguja na Pemba wanazijua kwa kuhadithiwa. Ukifunga safari, shika jambo moja: kwa jamaa zako wewe ni mtoto wa nyumbani, lakini kwa sheria na kwa mbu wewe ni mgeni. Jiandae kwa yote mawili.

Hati na malipo

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukiwa na pasipoti ya Oman au Uingereza, kwa kawaida utahitaji viza hata kama baba yako ni wa Makunduchi. Iombe mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji wiki kadhaa kabla. Viza ya kawaida ya matembezi ni dola 50 za Marekani. Wenye pasipoti ya Marekani hulipa 100. Tangu Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje hukata pia bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata akiwa na bima nyingine.

Afya

Kinga ya malaria haiji kwa ukoo. Aliyekulia nje hana, na mzee aliyeondoka zamani keshaipoteza. Zanzibar imepunguza sana malaria, lakini haijaimaliza, na wengi hupitia bara. Muone daktari mapema akuandikie dawa za kinga. Ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Ethiopia, utadaiwa cheti cha chanjo.

Kuwatafuta jamaa

Kabla ya kuondoka, kaa na wazee wakutajie jina la babu na la baba yake, lakabu zao, mtaa au kijiji, na msikiti waliosali. Visiwani mtu anaweza kujulikana kwa lakabu kuliko jina la kwenye vyeti. Kwa kumbukumbu za kale, jumba la nyaraka lililopo Kilimani, mjini Unguja, limehifadhi hati za tangu enzi za masultani, nyingine kwa Kiarabu. Makaburi mengi ya vijijini hayakuandikwa jina, hivyo muombe mzee akuonyeshe angali yupo.

Ukifika

Ukipanga hoteli, pitia kwanza nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, awe ami, shangazi au bibi. Piga hodi, toa salamu, na subiri ukaribishwe. Vaa nguo za heshima, na Ramadhani usile hadharani mchana. Kuhusu zawadi, muulize jamaa mmoja unayemwamini ni nani wa kuangaliwa kwanza, kwani ukimpa mdogo ukamruka mkubwa utazua maneno. Weka bajeti yake kabla hujapanda ndege, maana wanaokuja kukuona watakuwa wengi kuliko ulivyodhani.

Nyumba na mashamba ya zamani

Hapa ndipo panapohitaji busara zaidi. Baada ya Mapinduzi, serikali ilitaifisha ardhi, mashamba yakagawiwa wananchi eka tatu tatu, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikawa mali ya serikali. Nyumba aliyozaliwa bibi yako huenda imelea vizazi viwili vya watu wengine. Ukienda kuiona, omba ruhusa ya kuingia na ya kupiga picha, na ueleze mapema kwamba umekuja kutazama tu. Ukianza kuulizia mipaka na hati siku ya kwanza, hata jamaa zako watadhani umefuata mirathi. Kama kweli kuna dai, lifanyie safari yake, ukiwa na wakili. Mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

Kabla ya kurudi

Kaa na wazee mwandike nasaba yote karatasini, hata majina yenye utata. Nakala moja ibaki kwa mkubwa wa ukoo, nyingine uondoke nayo, ili binamu atakayekuja baada yako aanzie hapo.