Somo: Chakula cha Wiki na Hesabu ya Mshahara



Somo letu safari hii ni la jikoni. Baadhi yenu mtacheka na kuuliza chama kimeanza lini kuhesabu maharage. Lakini chukueni mshahara wa mtu wa shamba la chai au la miwa hapa Uganda, toeni ada ya shule na matibabu, halafu mtazame unaobaki unakwenda wapi. Unakwenda sufuriani. Basi mwenye kudai mshahara bila kujua sufuria ya wiki inagharimu kiasi gani, huyo anadai kwa kubahatisha.

Tuanze na jina. Chakula ambacho jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanakiita ugali, sisi tunakiita posho. Kwa Kiswahili posho ni chakula anachopimiwa mfanyakazi, askari au mpagazi na yule aliyemwajiri. Enzi za Waingereza vibarua walipimiwa unga wa mahindi, na jina la kipimo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe. Siku zile mwenye kupiga hesabu ya tumbo la mfanyakazi alikuwa tajiri, naye mara nyingi alipima kinachotosha kumsimamisha mtu mmoja kazini, bila mke wala watoto. Hesabu hiyo yafaa sasa tuipige wenyewe.

Adui wa kwanza wa chakula cha nyumbani ni daftari la dukani. Tumelikuta karibu kila kambi tuliyotembelea. Pesa zikiisha katikati ya mwezi, mtu anakopa nusu kilo ya unga, kifuko cha mafuta, kipande cha sabuni. Mwenye duka anaandika. Bei ya mkopo si bei ya taslimu, na vitu vya kupimapima hivyo ni ghali hata kwa taslimu. Jaribuni kujumlisha vifuko vya mafuta vinavyotimiza lita moja, kisha mlinganishe na bei ya lita yenyewe. Siku ya mshahara mtu anapitia kwanza dukani, anafika nyumbani na kidogo, na baada ya siku kumi daftari linafunguliwa tena. Ndugu mmoja wa shamba la chai alituonyesha hesabu yake. Mshahara wa mwezi ule alikuwa amekwisha kuula kabla hajaupokea. Wala hakuwa mlevi.

(Hapo hapo tukumbushane: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mshahara ulipwe kwa pesa halali. Mkimkuta mtu analipwa kwa unga, au kwa karatasi ya kuchukulia vitu dukani, leteni habari tawini.)

Tukiri pia kosa letu. Mara ya kwanza tulipofundisha somo hili tulibeba picha kubwa ya ukutani yenye mayai, maziwa, nyama na machungwa. Akina mama waliitazama, wakanyamaza. Mwishowe mmoja akasema, "Ndugu, vitu hivi tunavijua. Tuambieni nani atavinunua." Mwingine akaongeza kwamba kama ni kufundisha, tuanze na wanaume, kwa sababu pesa nyingi hupotea njiani kabla ya kufika jikoni. Alisema kweli. Tangu siku hiyo tunawafundisha mume na mke pamoja, na picha ile imebaki ofisini.

Sasa tuchukue jamaa ya watu sita: baba, mama, na watoto wanne ambao mkubwa wao hajavuka miaka 14. Kwa wiki moja tunawaandikia unga wa mahindi kilo 8, unga wa wimbi wa uji kilo 2, maharage kilo 4, mukene wakavu kilo 1, karanga zilizosagwa kilo 1, mafuta lita 1, sukari kilo 1, mkungu mmoja wa matoke, viazi vitamu au mihogo kilo 8 hivi, chumvi, vitunguu, nyanya, na fungu la dodo au mboga nyingine ya majani kila siku. Tena makaa, ambayo wengi husahau kuyaandika kwa sababu hayaliwi. Nyumba yenye vijana wakubwa itaongeza unga. Mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba atapunguza mboga na viazi.

Nguzo ya wiki ni maharage. Mahindi peke yake yanashibisha lakini hayajengi mwili vizuri. Yakiliwa pamoja na maharage, kila kimoja kinaziba upungufu wa mwenziwe. Anayekula posho kwa chumvi tu, mwezi baada ya mwezi, anaweza kupatwa na pelagra: ngozi inayopigwa na jua shingoni na mikononi inababuka, tumbo linaharisha, hata akili inavurugika. Kwa hiyo pesa zikipungua, msikate maharage ili mnunue sukari. Kateni sukari.

Mukene ni wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao Watanzania wanawaita dagaa na Wakenya omena. Wanaliwa wazima, mifupa na vyote, na ndiyo sababu wanawafaa watoto. Walioanikwa chini wana mchanga, waoshwe mara tatu au nne. Mama mwenye mtoto mdogo awakaange wakauke, awatwange, atie kijiko kimoja cha unga wao katika uji wa mtoto. Karanga zitazamwe kabla ya kusagwa. Zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au zilizo chungu zitupwe, maana sumu ya ukungu haitoki kwa kupikwa. Dodo, yaani mchicha, lina madini ya damu, nalo hufaa zaidi likipikwa na nyanya au kukamuliwa limau. Chai ya majani ingoje saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Hili la chai ni gumu kuwaambia watu wanaoichuma, lakini ndivyo lilivyo.

Tupike. Jumapili usiku loweka maharage kilo 2. Jumatatu mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe kwa nguvu kama nusu saa, kisha uyaache yaive taratibu. Ukiwa na kapu kubwa, litandike majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, uitie sufuria ikiwa inachemka na kuifunika kabisa. Maharage yataendelea kuiva bila makaa wakati wewe uko shambani, na jioni utayamalizia motoni kidogo. Sufuria hiyo ni ya Jumatatu na Jumanne: mchana kwa viazi vitamu, jioni kwa posho na dodo. Ichemshwe kila jioni, isilale siku ya tatu. Jumatano mchana ni mihogo na mchuzi wa karanga, na jioni mukene ndani ya karanga kwa posho. Usiku huo unaloweka kilo 2 zilizobaki, ambazo zitakula Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi mchana changanya maharage na nusu ya matoke katika sufuria moja, watoto hupenda. Jumamosi mukene tena, pamoja na nyanya na mboga nyingi. Jumapili matoke yaliyobaki kwa karanga, au nusu kilo ya nyama kama wiki imekwenda vizuri. Posho hupikwa usiku sita, unga kilo 1 na robo kila usiku, na nusu kilo inabaki kwa mgeni. Asubuhi zote ni uji.

Mpango huo utakuwa rahisi zaidi mkinunua pamoja. Jamaa tano zikishika gunia moja la maharage la kilo 100, kila mmoja anapata kilo 20, na hizo ni wiki tano. Wakati mzuri katika sehemu zenye mavuno mawili ni mwezi wa 6 na wa 7, na tena wa 12 na wa 1, bei inapoteremka. Yaanikwe juani yakauke sana, yatiwe katika madumu yanayofungwa yasiingie hewa, wadudu hawatayaharibu. Pesa zishikwe na watu wawili na kuandikwa mbele ya wote. Kundi moja tulilolisaidia lilivunjika baada ya gunia la pili kwa sababu mtunza pesa alikuwa mmoja, na daftari lake lilikuwa kichwani.

Tunafika kwenye hesabu. Andikeni bei ya kila kitu kama mlivyokinunua sokoni, mjumlishe. Hiyo ni bei ya wiki. Wengi wanazidisha kwa 4 na kusema ndiyo ya mwezi. Si kweli. Wiki 4 ni siku 28. Zidisheni kwa 52, mgawanye kwa 12. Zile siku mbili tatu ambazo watu hawazihesabu ndizo zinazofungua daftari la dukani.

Halafu ilinganisheni na mshahara. Kima cha chini kilichowekwa hapa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo pesa hizo hazinunui hata maharage ya wiki yetu moja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya wa kima cha chini, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo nguvu yetu imekuwa katika mapatano ya chama na mwajiri, na mezani pale neno "maisha magumu" halina uzito. Kila mtu analisema, hata meneja. Madaftari ya nyumba thelathini yenye bei na tarehe ni jambo jingine.

Lakini jihadharini. Tumewahi kusikia upande wa pili wa meza ukisema, "Kumbe mnaweza kuishi kwa posho na maharage." Jibuni mapema kwamba orodha hii haina maziwa, haina mayai, haina sabuni, kodi, nauli, viatu wala dawa. Ni chakula cha mtu asianguke kazini. Mshahara unaoishia hapo ni ile posho ya Waingereza, imerudi kwa jina la mshahara.

Kazi ya tawi kabla ya mkutano ujao: kila nyumba iandike wiki nne mfululizo kile ilichokula hasa, si kile ilichotaka kula. Siku ambayo watu walilala na chai tupu iandikwe pia, bila aibu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake wa shule. Madaftari yapokelewe na katibu wa tawi, na majina yafunikwe kabla ya kwenda popote.