Rafadha Iliyoganda Haitolewi kwa Hasira

Wanachama wenzangu, rafadha, au propela kama wengi tunavyoiita, ndiyo husukuma mashua ya mota. Shafti yake isipopakwa grisi, maji ya bahari huingia, na chumvi na kutu huigandisha kabisa.

Likizo iliyopita mjomba wangu alipandwa na hasira, akaipiga nyundo ncha ya shafti ya mashine yake kuukuu. Lo! Hesi zikapondeka, nati ikakataa kurudi, na nyavu zikakaa siku tatu bila kuloa hadi fundi alipozichonga hesi upya. Haraka haraka haina baraka. Fundi alitufundisha hivi:

Kwanza, chomoa waya za plagi, mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye rafadha.

Pili, toa pini, legeza nati, lakini iache nchani ilinde hesi.

Tatu, sugua chumvi kwa brashi ya waya, tia oili ya kulegeza kutu, uache mpaka asubuhi.

Nne, mwagia kitovu cha rafadha maji yanayochemka ili kitanuke. Usitumie moto, kwa maana mpira ulio ndani utaungua.

Tano, weka kipande cha mbao kwenye kitovu, upande wa mashine, ugonge polepole ukiizungusha rafadha. Usigonge mapanga yake, yatapinda.

Ikitoka, safisha shafti, paka grisi, tia pini mpya. Siku hizi mjomba huitoa kila mwezi, hata kama haina shida. Je, wewe mwenzangu, mnyororo wa baiskeli yako uliutia mafuta lini?