Kabla ya Kupaka Rangi: Mafunzo ya Fundi kwa Wenye Nyumba wa Githongo

Kwa familia nyingi za Githongo na sehemu nyingine za Imenti ya Kati, pesa za kurekebisha nyumba hutoka kwa majani chai. Bonasi hulipwa kuelekea mwezi wa Oktoba, na hapo ndipo mipango iliyoahirishwa tangu Januari huanza kutekelezwa: kubadilisha mabati, kupiga plasta, kuongeza chumba cha kijana aliyemaliza shule. Shida ni kwamba Oktoba pia ndio mwezi ambao mvua za vuli huanza. Pesa hufika pamoja na mawingu, na kazi hufanywa mbiombio.

Matokeo huonekana miezi michache baadaye. Plasta mpya hububujika na kubanduka. Mbao zilizopigiliwa zikiwa mbichi huachana na kuacha nafasi za upepo. Ufa uliozibwa Novemba hufunguka tena Machi, mahali pale pale. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu mwenye nyumba kwa kumharakisha, na bonasi ya mwaka mzima inakuwa imekwenda.

Makala haya yanaeleza jinsi fundi mzoefu anavyofikiri anapoitwa kurekebisha nyumba, na mambo ambayo mkazi anaweza kuyakagua mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Maji kwanza

Fundi mzuri akifika kwenye boma haanzi kwa kuangalia rangi. Huzunguka nyumba, akatazama paa, kisha ardhi, kisha sehemu ya chini ya kuta. Anatafuta maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mvua ni nyingi na mashamba yameinama, chanzo cha uharibifu mwingi wa nyumba ni maji ambayo hayakuonyeshwa njia.

Hesabu ndogo inasaidia. Paa la mita 8 kwa mita 6 lina eneo la mita mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo inaweza kunyesha alasiri moja, humwaga juu ya paa hilo lita 960 za maji. Hiyo ni karibu mapipa matano ya lita 200. Kama nyumba haina mifereji ya paa, maji hayo yote huanguka kando ya ukuta, huchimba udongo wa msingi, na kurusha matope kwenye mbao au mawe ya chini. Hayo hujirudia kila mvua inaponyesha.

Kwa hivyo pesa za kwanza za ukarabati ziende kwenye mambo matatu: paa lisilovuja, mifereji inayopeleka maji kwenye tangi au mbali na nyumba, na mtaro upande wa juu wa mteremko wa kukinga maji yanayotoka shambani. Familia inayofanya hivyo hupata faida mbili, kwani maji yaliyokuwa yakiharibu ukuta sasa yanafua nguo na kunywesha ng'ombe.

Wakati wa kununua mabati, kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati huwa jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 28 ni nene kuliko yote mawili. Misumari ya mabati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni ambako maji hupita, na kila msumari uwe na mpira wake.

Kusoma ufa

Kila mtu anajua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wazoefu huongeza jambo moja: kabla ya kuuziba, uulize umetoka wapi. Ufa unaozibwa bila kujulikana chanzo chake umefichwa tu.

Nyufa hazifanani. Vistari vyembamba kama unywele vilivyotapakaa juu ya plasta kwa kawaida huonyesha kwamba plasta ilikauka haraka mno au ilikuwa na saruji nyingi kupita kiasi. Havipendezi, lakini haviangushi nyumba.

Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya mawe ni jambo zito zaidi. Mara nyingi huonyesha kwamba sehemu ya msingi inazama, pengine kwa sababu maji yamelainisha udongo upande huo. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango unaweza kumaanisha kwamba linta haipo, ni fupi, au haina vyuma vya kutosha. Ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini, pale chumba kipya kilipounganishwa na nyumba ya zamani, huonyesha kwamba misingi miwili inazama kwa viwango tofauti.

Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Chora mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe kando yake. Weka alama mbili, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa rula. Rudia kila mwezi, hasa baada ya mvua. Ikiwa baada ya miezi mitatu au minne, ukiwemo msimu wa mvua, vipimo havijabadilika, ufa huo umetulia na unaweza kuzibwa. Ikiwa umerefuka au kupanuka, usinunue rangi. Mwite mtu anayeelewa misingi.

Nyumba za mbao

Nyumba nyingi za zamani katika eneo hili ni za mbao. Zina sifa mbaya ambayo hazistahili, kwamba ni nyumba za muda za kungojea ya mawe. Ukweli ni kwamba nyumba ya mbao inayokaa kavu inaweza kumtunza mtu, watoto wake na wajukuu wake. Inayolowa huoza kuanzia chini.

Mkazi anaweza kuipima kwa bisibisi. Dunga ubao wa chini kabisa, kisha nguzo za kona, kisha ubao ulio chini ya dirisha. Bisibisi ikigonga na kukataa kuingia, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye boga lililoiva, ubao umeoza hata kama rangi yake inang'aa.

Mara nyingi hakuna haja ya kubomoa nyumba yote. Fundi stadi huweza kukata sehemu iliyooza, akaweka kipande kipya, na kuinua sehemu ya chini juu ya mawe ili mbao zisiguse udongo. Jambo lingine ambalo halimgharimu mtu ila jasho ni kuondoa udongo uliojikusanya ukutani miaka nenda miaka rudi kwa kufagia na kulima karibu na nyumba. Acha nafasi ya angalau futi moja kati ya ardhi na ubao wa kwanza.

Mbao mpya, ziwe za saipresi, mkaratusi au mgrivea, ambao wengi hapa huuita mukima, zikaushwe kabla ya kutumika. Zipange chini ya kivuli, ukiweka vijiti kati ya safu moja na nyingine ili hewa ipite, na uziache kwa majuma kadhaa. Mbao zinazopigiliwa siku zinapotoka kupasuliwa zitanywea zikiwa ukutani.

Kazi isiyoonekana

Ukimuuliza fundi mzoefu ni sehemu gani ya nyumba inayomwonyesha mwenzake ni fundi wa aina gani, hatataja sebule. Atataja vitu vilivyofunikwa: kina cha msingi, karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, vyuma ndani ya linta, namna mawe yalivyofungamana kwenye kona. Rangi hupendeza siku ya kuhamia. Vilivyofunikwa ndivyo vinavyobeba nyumba.

Ndiyo maana mwenye nyumba anafaa kuwepo, au kuwa na mtu anayemwamini, siku ambazo kitu kinafunikwa. Piga picha kwa simu kabla ya udongo kurudishwa na kabla ya zege kumwagwa. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwani picha hiyo ni ushahidi wake pia.

Kuna majaribio machache ya kufanya papo hapo. Tia mchanga kwenye chupa inayoonekana ndani hadi nusu, ongeza maji, tikisa na uiache itulie hadi kesho yake. Matope yatakaa juu ya mchanga. Yakizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga wenyewe, mchanga huo ni mchafu na saruji haitaushika vizuri. Mfuko wa saruji ukiwa na madonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, umeingiwa na unyevu. Katika ukungu wa Githongo hilo hutokea haraka, kwa hivyo weka mifuko juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Kwa plasta, kipimo cha kawaida ni karai moja ya saruji kwa nne za mchanga. Kwa zege la sakafu au linta, wengi hutumia moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Kipimo kikipimwa kwa karai hakibadiliki. Kikikadiriwa kwa sepetu, hubadilika kadiri kibarua anavyochoka. Mchanganyiko ulioanza kushika haufufuliwi kwa kuongeza maji.

Halafu kuna kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani kama kazi, yaani kunyunyizia maji. Saruji hupata nguvu ikiwa na unyevu. Zege na plasta zinahitaji kuwekwa zikiwa na unyevu kwa siku zisizopungua saba. Nyumba nyingi zenye plasta inayobomoka kwa ukucha zilinyimwa maji juma la kwanza.

Kuongeza chumba au ghorofa

Hatari kubwa huja pale ukarabati unapogeuka kuwa ujenzi. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba moja ya chini haukukusudiwa kubeba ghorofa. Ukuta unaoonekana kusimama bure katikati ya nyumba huenda ndio umebeba paa.

Kenya imelipia somo hili kwa maisha ya watu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua watu karibu 50. Halikuwa limeidhinishwa.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, mtu anayetaka kujenga au kubadilisha matumizi ya jengo anahitaji ruhusa ya serikali ya kaunti. Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024 nazo zilichukua nafasi ya kanuni za mwaka wa 1968. Mkazi asiyejua kama kazi yake inahitaji kibali aulize katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kununua vifaa, si baada ya kusimamishwa kazi ikiwa nusu.

Mambo mengine mawili yasiguswe ovyo. Nyaya za umeme ziachiwe fundi mwenye leseni ya EPRA. Na nyumba yenye paa la asbesto isikatwe wala kuvunjwa na vibarua, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 2006, na uondoaji wake hufuata masharti ya NEMA.

Mapatano na fundi

Ufundi hujengwa kwa miaka ya kubeba karai na kushika kamba ya mwingine. Mafundi wengi bora hawana karatasi ya kuonyesha hilo, ingawa njia zipo. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu hadi ya kwanza. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, huidhinisha mafundi na wasimamizi wa mijengo. Vijana wanaotaka kuanza wana vyuo vya ufundi vinavyosimamiwa na kaunti.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni haya kwa maandishi:

• Kazi ni ipi hasa, na nani ananunua vifaa.
• Malipo yatagawanywa vipi kulingana na hatua za kazi, na kiasi gani kitabaki hadi mvua ya kwanza ipite bila kuvuja.
• Kazi itachukua siku ngapi, na mvua ikinyesha itakuwaje.
• Ni nyumba gani mbili alizofanya miaka mitatu au zaidi iliyopita ambazo unaweza kuzitembelea.

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Nyumba mpya za kila fundi hupendeza. Zile zilizopitia misimu kadhaa ya mvua ndizo zinazosema kweli.

Bajeti ya bonasi kwa misimu miwili

Si lazima pesa za Oktoba zitumike zote Oktoba. Mvua za vuli ni wakati mzuri wa kutazama: paa linavuja wapi, maji yanasimama wapi, ufa unakwenda wapi. Rekebisha mifereji, chimba mtaro, nunua mbao na uziache zikauke. Januari na Februari, kukiwa kavu kabla ya mvua ndefu za Machi, ndio wakati wa kufungua paa, kubadilisha mbao na kugusa msingi. Rangi ije mwisho, baada ya ukuta kukauka kabisa. Pesa ambazo hazitumiki Oktoba zitengwe katika akaunti ya sako au benki, zikiwa zimeandikiwa kazi yake.